Ujiji hadi Tabora: waliokufa njiani hawana jiwe wala msimulizi. Tatizo ni nini hasa?

#1 MwanaGungu

Wakuu, habari za leo.

Fuata ile njia ya zamani ya misafara kutoka Ujiji hadi Tabora, kisha tafuta jina la marehemu lililoandikwa mahali pa wazi. Ujiji utakuta mnara wa mwaka 1927 unaokumbusha Stanley alivyokutana na Livingstone. Kwihara, nje kidogo ya Tabora, utakuta tembe walilokaa hao hao wawili mwaka 1872, na utasikia habari za Shaw, Mwingereza wa msafara wa Stanley aliyefia na kuzikwa huko. Basi. Njia hiyo ilipitisha watumwa, pembe na mizigo kwa miongo mingi ya karne ya 19. Wapagazi walikufa kwa ndui, kuhara na njaa, na mateka walioshindwa kutembea waliachwa porini. Hakuna hata mmoja wao mwenye jina kwenye jiwe.

Thamani ya njia inajulikana. Tangu 2006 imo kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, na vituo vyake ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Dai langu ni kwamba tunakimbilia kujenga kabla ya kukusanya masimulizi. Utepe unakatwa, picha zinapigwa, na baada ya miaka mitano mtoto anayeishi hatua ishirini kutoka kwenye mnara hajui ni wa nani. Kijiji kinachotaka kuwakumbuka watu wake kianzie wapi?

#2 KijanaWaMwanga

Nimevuta kiti. Endeleeni.

#3 FundiZege

MwanaGungu, masimulizi sawa, ila minara mingi ya vijijini inakufa kwa ufundi mbovu kabla msimulizi wake hajafa.

Kinachotokea ni hiki. Kamati inachangisha, pesa haitoshi, fundi anaongeza mchanga. Mchanga wenyewe umechotwa ufukweni, mwembamba na una matope. Nondo inalazwa karibu kabisa na uso, maji yanaipata, inashika kutu, kutu inavimba na kupasua zege kutoka ndani. Ukiona ufa wa wima unafuata kona ya mnara na una doa la rangi ya chai, ujue nondo inaoza humo.

Mnara wa kimo cha mita mbili hauhitaji maajabu. Chimba msingi hadi ukute udongo mgumu, usipungue sentimita 60. Ukikuta udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, uondoe wote, ujaze moramu na kuishindilia tabaka kwa tabaka. Zege uwiano 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na mchanga uwe wa mto uliooshwa. Maji yasizidi nusu ya uzito wa saruji: mfuko wa kilo 50 unakula lita 25 hivi. Fundi akiongeza ndoo ili zege liteleze vizuri, hapo hapo ameshapunguza nguvu yake. Nondo ifunikwe na zege sentimita 4 hadi 5. Baada ya hapo funika kwa magunia na umwagilie siku saba bila kuruka. Wengi wanaharibu hapo kwenye kumwagilia, kwa kuwa mgeni rasmi ameshaalikwa na watu wanataka kupaka rangi.

Kibao cha shaba sahauni, kitang'olewa usiku na kupimwa kilo kwenye vyuma chakavu. Vigae vya kubandika navyo vinadondoka, maana joto la mchana na baridi ya usiku vinavitenganisha na ukuta. Bamba la granaiti lenye herufi za kuchonga, lililoshikwa kwa pini za chuma kisichoshika kutu, ndilo linalokaa.

#4 ShabikiWaReli

Swali la pembeni. Livingstone si kazikwa pale Ujiji penye mnara? Naona watu wanapiga picha wakisema ni kaburi.

#5 MwanaUrambo

Mwangaluka wakuu.

#4, Ujiji hakuna kaburi lake. Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, ambako leo ni Zambia. Na kilichofuata baada ya kifo chake kinauhusu mkoa wa Tabora kuliko watu wanavyodhani.

Wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliutoa moyo na matumbo wakavizika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani kwa wiki mbili, wakauviringisha nguo na gamba la mti, wakashonea turubai na kupaka lami. Jacob Wainwright, kijana aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa Nasik kule India, alisoma sala ya maziko na kuchonga maandishi kwenye ule mti. Kisha wakaubeba. Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, eneo la Tabora, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone, naye akawashauri wazike papo hapo. Wakakataa.

Mbele kidogo, Kasekera, wenyeji walikuwa hawataki maiti ipite kwenye ardhi yao. Walichofanya ni hiki: walikata mabua ya mtama, wakayafunga nguo yakafanana na maiti, wakawatuma watu sita wayarudishe Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Hao walipofika porini wakayatupa bua moja moja, wakageuza njia kuwafuata wenzao. Mwili wenyewe ulifungwa upya ukawa kama robota la nguo za biashara, ukapita. Februari 1874 ulikuwa Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa Westminster Abbey, London, Wainwright akiwa miongoni mwa waliosindikiza jeneza. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, wakakaa na Horace Waller, rafiki wa Livingstone, wakimsimulia safari ile, na habari nyingi za mwisho wa Livingstone dunia ilizipata kutoka vinywani mwao.

Wainwright alirudi Afrika akafia Urambo mwaka 1892. Urambo hii hii yetu. Kwa hiyo mleta mada namuunga mkono nusu. Majina mengine yapo na yameandikwa, ila hayajarudishwa nyumbani.

#6 MamaMjukuu

MwanaUrambo, umewataja wanaume watupu. Halima, aliyekuwa mpishi wa Livingstone, na Ntaoeka walikuwemo kwenye msafara huo huo uliobeba maiti. Mkichonga jiwe la Urambo au Kwihara, majina yao yawemo tangu siku ya kwanza, msije mkayabandika pembeni baadaye.

#7 FundiZege

Nyongeza kwa #5. Ule mti aliochonga Wainwright ulikatwa mwaka 1899 kwa sababu ulikuwa unaoza. Kipande chenye maandishi kikapelekwa London, na mnara wa kudumu ukajengwa mwaka 1902. Mti ulio hai hauhifadhi maandishi, gome linajifunga juu ya jeraha na herufi zinapindika. Kama mnataka mbao Tabora, tumieni kiini cha mninga au mkurungu. Ile sehemu nyeupe ya nje itolewe yote, maana mchwa wanaanzia hapo. Na nguzo isimame juu ya kikombe cha zege, isiguse udongo.

#8 MwinyiKitongoni

Assalaam alaykum.

Mnazungumza kana kwamba kukosa jiwe ni kusahau. Ujiji ni mji wenye Waislamu wengi tangu enzi za misafara. Katika Sahih Muslim Mtume (s.a.w.) amekataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Ndiyo maana makaburi ya wazee wetu ni tuta la udongo lenye alama kichwani, na baada ya mvua kadhaa tuta linashuka. Hakuna uzembe hapo. Marehemu anakumbukwa kwa dua, kwa khitma, kwa sadaka inayoendelea.

Ila kutia alama hakukatazwi. Imepokewa katika Abu Daud kuwa Mtume aliweka jiwe kichwani kwa Uthman bin Madh'un ili alitambue kaburi lake. Kwa hiyo kamati ikitaka majina, iyaweke nje ya makaburi: ukuta wa madrasa, uzio wa shule, au kisima chenye orodha ya wanaoombewa thawabu. Mkiweka mnara katikati ya makaburi ya Waislamu bila kuwauliza wenyewe, msishangae hakuna anayeufagia.

#9 KijanaWaMwanga

Mwinyi, kuna wenzako watakuja hapa kusema hata khitma ya arobaini ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Naomba uzi usiingie huko 😄

#10 MwinyiKitongoni

Waje na dalili, tutawasikiliza kwenye uzi wao. Hapa tubaki na majina.

#11 BintiKasulu

Mwidiwe.

Mimi sababu yangu ni nyingine kabisa: ardhi. Buha, nchi ya Waha, familia ilizika nyumbani, nyuma ya nyumba au pembeni ya migomba. Ilipofika Operesheni Kigoma ya 1972 watu wakahamishiwa vijiji vya pamoja, makaburi yakabaki matongoni. Mwenye hadithi akawa kijijini, kaburi likawa porini, na baada ya vizazi viwili hakuna anayeweza kuviunganisha. Hilo haliponi kwa zege wala kwa mgeni rasmi.

Kazi ya kuyatafuta ina utaratibu wake. Nendeni kiangazi, kati ya Julai na Septemba, nyasi zikiwa zimekauka au zimeungua. Tangulieni kwa mwenyekiti wa kitongoji na ofisa mtendaji, maana tongo la babu leo linaweza kuwa shamba la mtu au limo ndani ya hifadhi. Chukueni wazee wawili, kila mmoja kwa siku yake. Wakienda pamoja, mwenye sauti kubwa atamfuta mwenzake. Alama ni mimea na mawe: mti wa mvumu uliopandwa, uzio wa minyaa ulioachwa ukarefuka, jiwe la kusagia, mafiga. Mkifika, simu ikae wazi juani bila kusogezwa hadi usahihi wa ramani ushuke chini ya mita tano, ndipo muandike namba. Pigeni picha mkiangalia kaskazini, fimbo ya mita moja ikiwa imelazwa pembeni ili ukubwa uonekane. Wekeni mawe kuzunguka, msichimbe hata kidogo.

Jambo la mwisho ni la usalama. Namba hizo za ramani zisiwekwe mtandaoni. Kuna watu wanachimba kila penye mawe yaliyopangwa wakitafuta rupia za Mjerumani, na kaburi la bibi yako kwao ni dalili ya hazina. Orodha ikae kwa familia na ofisi ya kijiji.

#12 ShabikiWaReli

Hiyo ya rupia ni kweli tupu. Mawe yakipangwa mduara tu, kesho unakuta shimo.

#13 MtunzaMafaili

Mleta mada aliuliza pa kuanzia. Mimi nasema msibani, kwenye ule wasifu wa marehemu. Ni kumbukumbu ya hadhara ambayo karibu kila mtu anaipata, tajiri na fukara, na tunaiharibu kila wiki. Anapewa kijana mwenye mwandiko mzuri usiku wa kuamkia maziko, anaandika yale yale: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, aliugua, ameacha watoto na wajukuu. Karatasi inasomwa dakika mbili, inakunjwa, inapotea kwenye mfuko wa koti la mtu.

Siku ya kwanza ya msiba kamati imteue mwandishi na kumtuma kwa watu watatu: wa rika la marehemu, aliyefanya naye kazi, na jirani wa sasa. Aulize mambo ya kushikika. Alilima nini, alisuluhisha ugomvi gani, alikuwa akiitwa kwa kazi ipi watu wakikwama, alipenda kusema nini. Mwaka wa kuzaliwa usipojulikana msiubuni. Pimeni kwa matukio: alikuwa na ukubwa gani wakati wa kuhamia vijijini, wakati wa Vita vya Kagera 1978–79, wakati wa mvua za elinino 1997–98. Maneno 500 hadi 600 yanasomwa dakika tano, na waombolezaji wanavumilia. Nakala moja ibaki nyumbani, moja kanisani au msikitini, moja ipigwe picha itumwe kwa ndugu wa mbali. Daftari lililo kwenye sanduku chini ya kitanda, mchwa wanalo.

Kwa wazee walio hai, rekodini kwa simu. Izimwe mawasiliano ili isiite katikati. Iwekwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, umbali wa mkono mmoja kutoka mdomoni. Ikikaa juu ya meza tupu, kila kikombe kinachowekwa kinasikika kama nyundo. Msirekodi chini ya bati mvua ikinyesha. Anzeni kwa kutaja jina, mahali na tarehe, halafu aulizwe kwa sauti kama anaridhia maneno yake yasomwe hadharani, maana kuna anayekubali familia isikie ila kijiji kisisikie. Aachwe aseme Kiha, Kinyamwezi au Kibembe, tafsiri ni kazi ya baadaye. Saa moja ya sauti inakula saa nne hadi sita za kuandika. Mkituma kwa WhatsApp, itumeni kama faili, ikitumwa kama ujumbe wa sauti ubora unapungua.

#14 MnyanyembeHalisi

Nimewasoma wote. FundiZege anasema zege, Binti anasema ardhi, Mwinyi anasema dini. Mimi naongeza cheo.

Chini ya utemi kumbukumbu ya wafu ilikuwa na wenyewe. Makaburi ya watemi yalikuwa na watunzaji, kulikuwa na matambiko ya mvua na ya mavuno, na aliyekuwa na kazi hiyo alijulikana, akarithiwa. Utemi ulipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kazi ile haikuhamishiwa ofisi yoyote. Afisa utamaduni wa wilaya ana mambo mengine kumi mezani.

Angalieni mifano miwili. Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884. Jina lake liko kwenye kambi ya jeshi, kwenye mitaa, kwenye sekondari ya Milambo hapa Tabora. Isike wa Unyanyembe alilipua ghala lake la baruti Januari 1893, wakati Tom Prince, afisa wa Kijerumani, alipovunja ngome yake, ili asikamatwe. Vitabu vya historia vinaongeza kwamba Wajerumani walimkuta bado anapumua wakamnyonga. Masimulizi mengi ya nyumbani yanaishia kwenye mlipuko, na ninaelewa kwa nini, ila mnara wa Isike ukijengwa leo bila ya yote mawili, utakuwa umemnyang'anya nusu ya kifo chake. Kila mtu Tabora anajua majina haya. Muulize aeleze walikufaje, wengi wanakwama.

#15 MwanaGungu

Mnyanyembe, hapo umenipa silaha. Jina lipo kila mahali na simulizi haipo.

#16 MtunzaMafaili

Tahadhari kuhusu tarehe, kwa kuwa jiwe halifutiki. Ujiji pameandikwa 10 Novemba 1871 kwa hesabu ya Stanley. Shajara ya Livingstone inaweka mkutano huo mwishoni mwa Oktoba. Homa za njiani ziliwapotezea watu hesabu ya siku. Tarehe yenye mgogoro iandikwe kwa mwaka tu, na mgogoro wenyewe uelezwe kwenye simulizi.

#17 MkulimaWaSimbo

Mmesahau mwembe! Pale Ujiji mwembe wenyewe uliowashuhudia Stanley na Livingstone ulishakufa, na miembe iliyopo inaelezwa kuwa imetokana na ule kwa kubebesha. Kama ni kweli, hiyo ndiyo kumbukumbu pekee hapa inayozaa.

Na njia hiyo hiyo inaweza kutunza mwembe wowote wa njia ya misafara ambao unakaribia kuanguka. Kokwa pekee haliaminiki kutoa mti ule ule, maua huchanganya mbegu. Otesha kokwa kwenye kiriba, subiri shina lifike unene wa penseli. Chukua kikonyo cha sentimita 10 hadi 15 kutoka tawi la mwembe mkongwe, chenye unene huo huo, machipukizi yakiwa yamevimba ila hayajafunguka. Toa majani siku kadhaa kabla ya kukata. Chonga ncha yake kama kabari ya sentimita 3 au 4, pasua shina la mche katikati, chomeka hadi magome yagusane angalau upande mmoja, funga kwa ukanda wa nailoni, vika mfuko mwembamba juu, weka kivulini. Wiki tatu au nne ukiona machipukizi ya kijani umefanikiwa. Kinachoua wengi ni kisu kichafu na maji yanayoingia kwenye mpasuo.

#18 FundiZege

Mkulima, ukibebesha ule mwembe, na jina nalo libebeshe 😄 Bila kibao utabaki mwembe wa watu kula maembe.

#19 WaSikonge

Kuna sababu moja haijatajwa: wapo wafu ambao waliamuliwa wasiandikwe. Kwenye Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Kibelgiji kutoka Kongo yaliingia Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, na tarehe 19 Septemba 1916 yakaingia Tabora. Jenerali wao, Tombeur, alipewa ubaroni wenye jina la Tabora, na Brussels ana mnara wake. Waliobeba risasi na chakula, wa pande zote, walikufa kwa wingi kwa kuhara na uchovu kuliko kwa risasi.

Upande wa Waingereza ilipitishwa baada ya vita kwamba askari wa Kiafrika na wapagazi wawekewe mnara wa jumla bila majina. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ni matokeo ya uamuzi huo. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo msiwalaumu wazee wa kijiji kwa kukosa masimulizi. Kuna orodha ambazo ofisi hazikutaka kuziandika.

#20 ShabikiWaReli

Na meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika je? Hiyo si kumbukumbu ya vita hivyo hivyo, ile iliyozamishwa na Waingereza?

#21 WaSikonge

Waliizamisha Wajerumani wenyewe, 26 Julai 1916, isitekwe. Mitambo waliipaka mafuta mazito kwanza, na ndiyo maana ilipoibuliwa mwaka 1924 iliweza kutengenezwa ikarudi kazini 1927. Ila chombo cha abiria kina kazi yake, hakiwezi kuwa ukuta wa majina.

#22 MwanaUrambo

Narudi kwenye hoja ya Mnyanyembe kuhusu wenye kazi ya kukumbuka. Makanisa yameiweka kwenye kalenda. Wakatoliki wana tarehe 2 Novemba, makaburi yanapaliliwa na majina yanasomwa. Wamoraviani, walioipokea misheni ya Urambo mwaka 1898, wana ibada ya alfajiri ya Pasaka makaburini, na mapokeo yao tangu Herrnhut, kijiji chao cha mwanzo kule Ujerumani, ni kwamba muumini anaandika habari za maisha yake mwenyewe akiwa hai, zinasomwa siku ya maziko. Hilo linajibu malalamiko ya #13 moja kwa moja: mwandishi ni marehemu, muda anao.

Kitaifa tuna Siku ya Mashujaa, 25 Julai. Inakumbukwa kwa sababu kuna vitu vya kushika: mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shoka, shada la maua. Kijiji kinaweza kuwa na tarehe yake na vitu vyake, jembe, kasia, mzigo wa kichwani, kila kimoja kikiwekwa na mtu wa ukoo husika huku majina yakisomwa. Usomaji wa majina 100 kwa utulivu unachukua dakika nane hadi kumi, watoto wanastahimili.

#23 MwinyiKitongoni

Naafiki tarehe, siafiki vitu vya kuweka. Kwa watu wangu majina na dua vinatosha. Kila kijiji kipime watu wake.

#24 MwanaGungu

Asanteni sana. Bado naona simulizi kwanza, ila siwezi kuwaangusha Binti na WaSikonge. FundiZege, tuseme majina yamepatikana 60. Bamba liweje?

#25 FundiZege

Bamba la sentimita 120 kwa 80, safu mbili. Herufi za majina milimita 20 kwenda juu, za kichwa 50, kina cha kuchonga milimita 3, rangi nyeusi ndani. Kimo cha mstari wa chini kisipungue sentimita 70 kutoka ardhini, ukishuka zaidi tope la mvua linarukia. Acheni nafasi tupu, majina mengine yataletwa baada ya uzinduzi. Kabla ya kuchonga, karatasi ya majina ibandikwe ofisi ya kijiji mwezi mzima ili familia zisahihishe. Mpangilio, fuateni alfabeti, ndiyo inayomaliza ugomvi.

#26 BintiKasulu

Alfabeti inawatenganisha ndugu. Mama atakuwa juu, mwanawe chini, na msomaji hataona kwamba walikufa kwa njaa moja. Pangeni kwa kitongoji, ndani ya kitongoji kwa ukoo.

#27 FundiZege

Kitongoji cha sasa au cha zamani?

#28 BintiKasulu

Cha zamani. Waliozikwa kabla ya 1972 hawakuwahi kuishi kwenye kijiji hiki cha leo. Waulizeni wazee majina ya vijito na vilima, kila kijito kilikuwa na watu wake, na andikeni jina la kijito hicho juu ya kila kundi.